GARI LIKITETEMEKA, LINAKUAMBIA NINI?

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hapa kwetu Kericho na Bomet hatuhitaji kufunzwa methali hiyo, kwa maana alasiri nyingi tunaiona ikitimia juu ya majani chai. Lakini je, dalili za gari bovu unazijua? Mimi sikuzijua hadi karo yangu ya muhula mzima ilipoishia gereji.

Mjomba wangu ana pikapu kuukuu. Hubeba majani chai, mbolea, na usiku mwingine wagonjwa wa kijiji. Basi mwaka jana, kila gari lilipofika kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya kutoka Litein kwenda Kapkatet, stering ilitetemeka hadi mikono ikafa ganzi. Akipunguza mwendo, linatulia. Akalipeleka gereji moja mjini. Jamaa hawakuuliza swali hata moja. "Mzee, hizi ni shokabsoba tu!" Wakatoa magurudumu, wakafunga shokabsoba mpya, wakalipwa. Pesa zenyewe ndizo mjomba alizoniwekea za karo. Nikakaa nyumbani wiki mbili.

Na gari likatulia? Wapi! Sasa lilicheza hata kwa kilomita 30.

Ndipo tukamwendea fundi mmoja mzee wa jua kali. Hakushika spana. Alituambia, "Gari ni kama mgonjwa. Usipomuuliza, utamfunga bendeji mguuni kumbe anaumwa na jino." Kisha akauliza maswali matatu, ambayo nataka nawe uyajue.

Swali la kwanza: linatetemekea wapi? Ikiwa ni kwenye stering, shuku kwanza magurudumu ya mbele na viungo vyake. Ikiwa ni kwenye kiti na sakafu, tazama magurudumu ya nyuma, au propela, ule mtaimbo mrefu unaozunguka chini ya gari.

La pili: linatetemeka lini? Ikiwa ni likisimama na injini inanguruma, magurudumu hayana hatia. Huenda plagi moja haichomi, au mipira inayobeba injini imekatika. Ikiwa ni ukikanyaga breki, diski au dramu zimepinda au zimelika vibaya. Dereva anayekanyaga breki mteremko mzima badala ya kushuka na gia ndogo huzichemsha bure. Ikiwa ni ukikanyaga mafuta kupanda mlima, chunguza viungo vya propela. Na ikiwa ni kwenye mwendo fulani tu, kama 80, basi yaelekea gurudumu halina balansi.

Hapa somo la Fizikia lilinisaidia. Gurudumu ambalo mzingo wake ni mita 2 huzunguka mara 11 hivi kwa sekunde gari likienda kilomita 80 kwa saa. Gramu 20 tu zikiganda upande mmoja wa rimu, huvuta kwa nguvu ya karibu uzito wa kilo 2, mara huku mara kule. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne! Ndiyo sababu gari hilohilo hutulia likienda polepole.

Swali la tatu: lilianza baada ya nini? Mjomba akafikiri. Mtetemeko wa kwanza ulianza baada ya kukwama matopeni akienda kuchukua majani chai. Ule wa pili ulianza baada ya gereji.

Fundi akainama, akatia mkono nyuma ya rimu ya mbele kushoto. Akatoa bonge la udongo mwekundu, limekauka kama tofali. Huo ndio ugonjwa wa kwanza, na dawa yake ilikuwa maji na kijiti. Kisha akashika nati za gurudumu lilelile. Zilizunguka kwa vidole! Waliofunga shokabsoba hawakuzikaza, na matundu ya rimu yalikuwa yameanza kupanuka. Mjomba alinyamaza. Juzi yake tu alikuwa amembeba mama mjamzito usiku kwenye mteremko.

Rimu hiyo ilibidi ibadilishwe. Magurudumu yakapigwa balansi, nati zikakazwa kwa kuvuka, yaani baada ya moja unakaza ile ya upande wa pili, wala si kwa kufuatana. Fundi akaagiza zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Tangu siku hiyo stering imetulia tuli.

Ndugu wasomaji, siku moja nanyi mtakuwa na magari yenu, au mtapanda matatu ya kwenda Bomet na kuhisi kiti kinacheza. Msiseme "ni barabara tu." Kwenye lami laini barabara haina lawama. Mwambieni dereva asimame akague nati. Mtetemeko ukizidi ghafla, hilo si jambo la kungojea kesho. Na mkienda gereji, fundi asiyeuliza swali, mshukuru kwa heshima na uende kwa mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huenda ukajengwa kwa karo ya mtoto.