Riyali Mia Nane Zikifika Biliqo

Simu ikilia mlio ule wa ujumbe, mama humpa kijana wa dukani amsomee. Kijana anasoma, kisha anarudia polepole: elfu ishirini na sita, mia nne na themanini. Mama anatulia kidogo na kitambaa chake cha kichwa mkononi. "Mbona mwezi jana zilipita hapo?" Kijana hana jibu. Huko Riyadh, binti aliyetuma hakupunguza hata riyali moja. Ametuma 800, kama kawaida yake, na amejibakizia za sabuni na vocha.

Nimekaa na familia zilizonuniana kwa sababu ya swali hilo. Mama anadhani binti ameanza kuficha. Binti anadhani nyumbani hawashukuru. Wote wawili ni wakweli, ila aliyechukua tofauti hayupo kwenye mazungumzo. Ndiyo maana naomba nafasi ya kulifungua jambo hili, maana Biliqo, Bulesa na Merti nzima huku Isiolo zina mabinti wengi Ghuba, na kila shilingi inayopotea njiani ni unga au boza la maji wakati wa kiangazi.

Mwenye kampuni ya kutuma pesa kutoka ng'ambo hukata mara mbili. Mkato wa kwanza anauandika: ada. Wa pili hauandiki popote. Umejificha ndani ya bei anayokupa ya kubadilisha riyali kuwa shilingi. Mtu akikwambia kutuma ni bure, usifurahi mapema. Muulize riyali moja anainunua kwa shilingi ngapi.

Sasa utajuaje kama bei hiyo ni ya haki? Aliye Saudia ana bahati moja kubwa ambayo wengi hawaijui. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu 1986. Dola moja ni riyali 3.75, mvua inyeshe jua liwake. Kwa hiyo chukua bei ya dola inayotangazwa na Benki Kuu ya Kenya, igawe kwa 3.75, na hapo una thamani halisi ya riyali siku hiyo. Dola ikiwa shilingi 129, riyali ni shilingi 34.40. Hesabu hiyo inafanyika kwa simu ya kawaida kabisa, ile ya mulika. Aliye Dubai au Abu Dhabi agawe kwa 3.67, aliye Qatar kwa 3.64. Wa Oman azidishe kwa 2.6, kwa kuwa riyali yao ni nzito: moja ni zaidi ya shilingi 335.

Hakuna atakayekupa 34.40 kamili, na si haki kumdai hiyo, kwa sababu naye ana kodi ya duka na mishahara ya kulipa. Unachotafuta ni kujua ameshuka chini yake kiasi gani.

Tuseme kuna njia mbili. Ya kwanza inatangaza kwamba haitozi ada yoyote, lakini inanunua riyali kwa shilingi 33.10. Ya pili inatoza ada ya riyali 15, na juu ya ada hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya Saudia, ambayo tangu Julai 2020 ni asilimia 15, jumla riyali 17.25, ila yenyewe inanunua kwa 34.10. Binti ana riyali 800 mkononi. Kwa njia ya "bure", Biliqo zinafika shilingi 26,480. Kwa njia ya ada, zinabaki riyali 782.75, nazo zinakuwa shilingi 26,691. Ile ya bure ndiyo iliyokata zaidi, kwa zaidi ya shilingi 200, na hakuna risiti iliyosema hivyo.

Lakini usikimbilie kuapa kwamba njia ya pili ni bora siku zote. Rudia hesabu kwa riyali 200, labda mtoto ameugua na zinahitajika leo. Njia ya bure inaleta 6,620. Njia ya ada inaleta 6,231. Sasa ya kwanza imeshinda kwa karibu shilingi 390. Ada ni ile ile hata ukituma kidogo, kwa hiyo kiasi kidogo hukiumiza sana. Mkato wa bei hukua pamoja na pesa, kwa hiyo huumiza kiasi kikubwa. Katika mfano huu mpaka uko kwenye riyali 590 hivi. Chini ya hapo tumia ya bure, juu ya hapo lipa ada. Kila binti Ghuba anafaa kuujua mpaka wake kwa njia mbili anazozitumia, na auangalie upya mara kwa mara, kwa kuwa bei hubadilika.

Hapo hapo kuna hasara nyingine ambayo huletwa na huruma. Nyumbani wanapiga simu wiki ya kwanza, wanataka kidogo. Wiki ya pili, kidogo. Binti anatuma riyali 200 mara nne kwa njia ya ada badala ya 800 mara moja. Ada tatu za ziada zimekula shilingi 1,764 kwa mwezi. Kwa mwaka zinapita 21,000. Mkikubaliana siku moja ya mwezi na mkaishikilia, hizo ni pesa mmezipata bila kuomba mtu. Ya dharura itakuwepo, na dharura haina ratiba, lakini mengi tunayoyaita dharura ni mahitaji ya mwezi yaliyokosa kupangwa.

Nirudi kwa mama na swali lake. Programu nyingi za kutuma pesa humpa mteja mgeni bei nzuri sana mara ya kwanza, wakati mwingine bila ada, kisha mwezi wa pili humrudisha kwenye bei ya kila mtu. Inawezekana kabisa mwezi jana ulikuwa wa ugeni. Inawezekana pia ni shilingi yenyewe iliyosogea. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Riyali 800, kabla ya mtu yeyote kukata, zilitoka thamani ya shilingi 34,100 hadi 27,500. Zaidi ya shilingi 6,600 zilitoweka kwenye nyumba za Isiolo bila mwizi. Nchi nzima ilisherehekea shilingi kupata nguvu, na walioagiza mafuta na mbolea walipumua, lakini katika vijiji vinavyoishi kwa pesa za Ghuba kulikuwa na akina mama walioamini mabinti zao wamewasahau. Inaniuma kwamba hakuna aliyekwenda kuwaeleza.

Na si watu wachache. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, kupita mapato ya chai yote tunayouza nje. Nyingi zilitoka Marekani, lakini Saudia nayo imo katika nchi za mbele. Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba kufikia 2030 gharama ya kutuma pesa isizidi asilimia 3. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, wastani wa dunia kwa anayetuma dola 200 bado uko juu ya asilimia 6, na Afrika kusini mwa Sahara ndilo eneo ghali kuliko yote. Ile njia ya ada katika mfano wetu, kwa riyali 800, ilikata asilimia 3 hivi. Njia ya bure ilikata karibu 3.8. Ukikuta yako inakata 6 au 7, ondoka.

Kuna wanaouliza kuhusu hawala. Siidharau. Muda mrefu kabla ya 2007 Safaricom ilipoleta M-Pesa, wafanyabiashara wa kaskazini walikuwa wakituma pesa kwa neno tu: unampa mtu riyali Jeddah, yeye anampigia mwenzake Isiolo, mwenzake anampa mama shilingi, na wao wawili wanasawazisha hesabu baadaye kwa bidhaa au kwa deni. Ilijengwa kwa jina la mtu na ukoo wake. Lakini tazama kilichotokea Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa: serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa kwa siku moja, na hazikuruhusiwa kurudi kazini hadi Juni. Hizo zilikuwa kampuni zenye leseni. Asiye na leseni akifungiwa, au akitoroka, huna pa kwenda kushtaki. Kenya ina kanuni za watoa huduma hizi tangu 2013, na Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni. Kwa upande wa Saudia jambo ni zito zaidi. Yule kaka anayekusanya riyali za mabinti hosteli nzima na kuwarushia shilingi kutoka M-Pesa yake iliyoko Nairobi, hata akiwa mwaminifu, anafanya kazi ambayo sheria ya kule inaihesabu kosa, na anayempa pesa anaweza kuingia matatani pamoja naye. Bei yake nzuri haifidii kurudishwa nyumbani.

Bora sana binti awe na akaunti kwa jina lake. Asipokuwa na iqama, yaani kibali cha ukaazi, mkononi haiwezekani, na miezi ya mwanzo ni migumu kwa sababu hiyo. Ila kuanzia Julai 2024 Saudia ilianza, kwa awamu, kuwataka waajiri wa wafanyakazi wa nyumbani walipe mishahara kidijitali kupitia Musaned, mfumo wake wa ajira za nyumbani. Mshahara ukiingia kwenye akaunti yake, yeye ndiye anayechagua njia, siku na bei. Pesa zikipitia mkononi mwa kafili, yaani mwajiri mdhamini, au madamu azitume "kwa niaba yake", hata zikitumwa zote, binti hataijua bei.

Kuhusu benki kwa benki, nasema kwa kifupi: ni ya pesa nyingi, kama ada ya chuo au ununuzi wa kiwanja, kwa kuwa benki za katikati nazo hukata zao njiani. Na kwa ndugu walioko Marekani, tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayelipia kutuma pesa kwa noti taslimu. Anayelipa kwa kadi ya benki ya huko au kutoka akaunti yake haguswi. Hiyo peke yake inatosha kumwondoa mtu kwenye foleni ya dirisha la duka.

Sasa pesa zimefika kwenye simu. Kupokea hakulipiwi, lakini kutoa kunalipiwa, na hapa ndipo Biliqo ina hesabu yake. Kutoa kati ya shilingi 20,001 na 35,000 kwa wakala wa M-Pesa ni 197. Kutoa 10,000 ni 115. Lakini kutoa elfu moja moja mara kumi ni 290. Ukitoa kwa vipande, ukubwa wa kipande una maana: 2,500 inakatwa 29, ilhali 2,600 inakatwa 52, kwa hiyo simama kwenye 2,500. Tatizo ni kwamba wakala wa kijijini hana noti za shilingi elfu ishirini na sita kila siku. Noti zake zinatokana na mauzo ya duka na wauza mifugo. Sikukuu ikikaribia, kila nyumba inataka kutoa siku moja, na droo inabaki tupu. Aliyeambiwa arudi kesho akaamua kupanda gari hadi Isiolo amelipa nauli inayozidi sana ada ya wakala. Tuma siku tano kabla ya Idi, si siku ya Arafa. Na kama mwenye duka ana namba ya tili, lipa unga na sukari kutoka kwenye simu moja kwa moja: mnunuzi hakatwi kitu, na droo ya wakala haiguswi.

Kuna jambo dogo linalotesa watu wetu kuliko wengine, nalo ni herufi. Jina la Kiborana lenye q au dh huandikwa na karani mmoja hivi, mwingine vile: Qabale kwenye pasipoti, Kabale kwenye kitambulisho. Kwa pesa za kuchukuliwa dirishani, herufi moja isipolingana na kitambulisho, dirisha linakataa, na marekebisho yanaanzia Riyadh. Binti apige picha ya kitambulisho cha mama kabla hajasafiri, na aandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo pale, hata kama pale limekosewa.

Mama tuliyeanza naye hasomi, na hilo halimzuii kuisimamia pesa yake. Binti akishatuma, ampelekee ujumbe wa sauti kwa Kiborana wenye namba tatu: nimetoa riyali 800, wamenunua kila moja kwa 34.10, tafuta 26,691. Mama anausikiliza kwanza mwenyewe nyumbani. Kisha anakwenda dukani, anampa kijana simu asome, namba ya siri akiibonyeza kwa kidole chake mwenyewe, na kijana anaposema elfu ishirini na sita, mama tayari anajua mia ngapi zinafuata.