Mali Bila Daftari

Apitaye barabara ya Mizingani mjini Unguja hakosi kuliona jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, lijulikanalo kwa jina la Zahanati ya Zamani. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, ndiye aliyeanza kulijenga mwaka 1887. Likakamilika mwaka 1894, naye amekwisha kufariki. Katika miaka ya 1990 lilikarabatiwa, na uzuri wake ukarejea. Tunawapongeza wenzetu wa Visiwani kwa kuutunza ukumbusho huo. Leo, hata hivyo, twataka kuwazungumzia wasafiri wa njia ile ile waliokwenda mbali na bahari, hadi katika nyanda kavu za Singida, ambako hawakuacha roshani, bali maduka ya mabati na vitabu vya hesabu.

Walitoka Kutch na sehemu nyingine za Gujarat, wakaletwa Unguja na majahazi ya msimu wa kaskazi. Kutoka hapo walivuka kwenda Bara, wengi wao wakiwa vijana wa kutumwa na ndugu au matajiri, wakipewa bidhaa kwa mali kauli: chukua, uza, kisha ulipe. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alieneza maduka yake kwa njia hiyo kutoka pwani hadi Uganda. Walio wengi hawakufika utajiri wake. Walifungua duka la chumba kimoja, familia ikalala chumba cha nyuma.

Singida ilifaa biashara hiyo. Wanyaturu walilima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe, wakarina asali. Katika miaka ya 1930 reli ilijengwa kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Ikang'olewa katika miaka ya 1940, lakini maduka yakabaki. Mkulima wa sehemu kama Mandewa aliingia mjini na ngozi, nta au nafaka, akatoka na chumvi, jembe, mafuta ya taa na kaniki. Hatusemi kwamba mizani ilikuwa sawa siku zote. Malalamiko juu ya bei na madeni yalikuwapo, na wazee hawajayasahau. Lakini katika daftari la duka, lililoandikwa kwa Kigujarati, majina ya wakulima yaliandikwa pia. Historia ya muuzaji na ya mnunuzi imo katika ukurasa mmoja.

Kisha zamani zikageuka. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili maduka ya kijiji yashike nafasi yake. Familia nyingi za Kiasia zilihamia Dar es Salaam, Uingereza au Kanada. Nyingine hazikuondoka katika nchi hii. Mohammed Dewji, aliyezaliwa Ipembe, Singida, mwaka 1975 katika familia ya wafanyabiashara, alikuwa Mbunge wa Singida Mjini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015. Wapiga kura hawakuulizana babu yake alishuka kutoka jahazi gani; walimwita mtoto wa Singida.

Leo mji umepanuka. Mandewa ni kata ya Manispaa, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa imejengwa huko. Maendeleo hayo twayafurahia. Shaka yetu ni kwamba kila mji upanukapo, nyumba ya zamani huonekana kuwa kiwanja tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Duka la Singida, ambalo umri wake haufiki huko, halina mtetezi mpaka Waziri alitangaze kuwa kumbukumbu. Naye hawezi kutangaza asichoandikiwa.

Kwa hiyo tunaiomba Manispaa iorodheshe nyumba za biashara za zamani, ipige picha zake, na kuandika majina ya waliozijenga, kabla ya kutoa vibali vya kuzibomoa. Si lazima zote zibaki. Ni lazima zote zijulikane. Familia zilizohama tunazisihi zisitupe madaftari na picha, bali ziyapelekee Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa nakala zake. Walimu wa Mandewa nao wawatume wanafunzi kwa wazee, wa Kinyaturu na wa Kiasia, wakaulize: nani alikukopesha, nani alikudai, nani alikuzika? Wenzetu wa Visiwani, ambao hati za safari zile zimo katika Nyaraka za Zanzibar, wanaweza kutusaidia kuunganisha mwanzo na mwisho wa habari.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ofisa mmoja mwenye kalamu, na wazee wangali hai. Wenye maduka wale walijua sana maana ya methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wao waliandika kila senti. Sisi tusishindwe kuwaandika wao, na waliokuwa wakisimama upande wa pili wa meza yao.