Helisi ya mashua: kuisafisha na kuipaka rangi

Mmetuona sisi wa mwaka wa sita tukikaa chini ya mwembe juma zima na helisi mbili za mashua, na wengi wametuuliza: « Chuma kinachoingia majini tu, rangi ni ya nini? » Swali ni zuri, na jibu lake liko refu kidogo.

Kwanza, ile si chuma, ni aluminiamu. Haishiki kutu nyekundu. Ikipata hewa inajifunika mara moja na ngozi nyembamba sana ya oksidi, na ngozi ile ndiyo inailinda. Juu ya ile, sufuria za mama zetu zinadumu miaka mingi. Lakini wa shimi mtakumbuka: ngozi hii inavumilia maji ya pH 4 mpaka karibu 8,5 tu. Maji ya Tanganyika yetu yako karibu na 9. Tena kila mara mashua inapofika ufukoni, mchanga unaikwangua. Basi mabawa yanapata vishimo, yanakuwa ya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, ncha zinapindika, na moteri inakunywa esanse mingi kwa njia ileile. (Kwa sababu hiyohiyo msiioshe na maji ya majivu, wala na sodi ile wanatumia kutengeneza sabuni. Inakula aluminiamu mbele ya macho yenu.)

Kabla ya kuitoa, ondoa waya wa buzi. Hili si jambo la mchezo: ukizungusha helisi kwa mkono, moteri inaweza kushika, na vidole havioti tena. Weka kipande cha mti kuzuia bawa, kisha fungua ekuru. Pete zinazotoka zipange chini kwa mfuatano wake. Angalia vizuri nyuma, kwenye mhimili, kama uzi wa nyavu umejizungusha pale. Uzi wa nailoni unakata mpira unaozuia mafuta, halafu maji yanaingia ndani ya gia. Sisi tulitoa uzi wa karibu mita mbili!

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lilitugombanisha. Helisi ile kubwa ilipiga mawe mwaka jana. Kwa macho ilikuwa nzima, na wenzetu wanaokwenda Ubwari likizo walitaka tuipake haraka, siku zilikuwa zinapita. Fundi akasema hapana, kwanza chaki. Kazi yenyewe ni hii: unaosha helisi, unaiweka ndani ya petroli ya taa nusu saa, unaipangusa mpaka ikauke kabisa, kisha unaipaka unga wa chaki nyeupe iliyosagwa. Unangoja. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani inatoka polepole na kulowesha chaki. Kwenye shina la bawa moja tukaona mstari mweusi, mrefu kama kidole gumba. Watu wote wakanyamaza. Rangi ingefunika ufa ule vizuri sana, na bawa lingekatika katikati ya ziwa, mwezi wa saba, wakati upepo wa kusini unavuma na mashua imejaa watoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo kazi yote iliyobaki tuliifanya juu ya helisi ndogo, ya akiba.

Mikwaruzo ya ncha unaiondoa kwa tupa laini, ukifuata umbo la bawa. Usilinoe kama panga. Kisha msasa namba 80, halafu 120, mwisho 240 pamoja na maji. Burosi ya chuma cha kawaida hatuipendi, juu ya vipande vidogo vya chuma vinabaki ndani ya aluminiamu na kuanza kutu. Funga kitambaa puani. Baadaye pitisha fimbo laini katika tundu, ilaze sawasawa juu ya meza mbili: bawa linaloshuka kila mara ndilo zito, likwangue kidogo. Moto usitumie hata kidogo, ndani ya kitovu kuna mpira.

Rangi ya kawaida haishiki juu ya aluminiamu tupu, inabanduka kama ganda la ndizi. Pangusa na asetoni, na siku ileile, kabla oksidi haijaongezeka, paka rangi ya kwanza ya epoksi au ya fosfati ya zinki. Ile ya manjano ya zamani, ya kromati ya zinki, inashika sana, lakini kromu yake inaleta kansa, iacheni. Halafu rangi nyeusi, mara mbili au tatu, nyembamba, kila moja ikauke kama kopo linavyosema. Ukipaka nzito unaharibu usawa ule uliotafuta. Ndani ya tundu usipake, pale ni mahali pa grisi. Na rangi ya shaba wanayopaka chini ya meli, kamwe! Shaba na aluminiamu ndani ya maji ni pile, kama ile ya darasa la fizike, na aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Tuseme ukweli: kwenye ncha rangi itatoka mapema, mchanga hauna huruma. Lakini katikati na kwenye shina itakaa, na pale ndipo tunapotaka.

Helisi ndogo imefungwa Jumamosi, na pini mpya. Mashua itakwenda polepole kuliko zamani, wa Ubwari waamke mapema. Ile kubwa iko darasani kwa fizike, haina rangi, ufa umezungushiwa alama nyekundu. Tunaomba mtu yeyote asiirudishe kwenye mashua.