Kuchagua Bunduki na Risasi ya Kuwindia Elki

Msimu wa kuwinda elki nchini Uswidi hufunguliwa Septemba katika mikoa ya kaskazini na Oktoba katika mikoa ya kusini. Kabla ya msimu, wapo wakazi wapya wanaokaribishwa na majirani kujiunga na kundi la uwindaji, nao huingia katika duka la bunduki kwa mara ya kwanza. Swali wanaloanza nalo ni lile lile: ninunue bunduki ya kipimo gani? Ni swali la haki, ila si la kwanza. Makala haya yanaeleza sheria inadai nini, risasi zinazouzwa zinatofautianaje, na kwa nini tunamshauri mnunuzi aipime bunduki kwa bega lake kabla ya kuipima kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Mnyama mwenyewe

Elki ndiye mkubwa kuliko jamii yote ya kulungu duniani. Dume aliyekomaa aweza kuzidi kilo 400. Hufa upesi risasi inapopita katika mapafu au moyo, nyuma ya bega. Ikimpata tumboni au mguuni, hukimbia na kujificha, na mateso yake yaweza kuendelea kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo kanuni za uwindaji zinadai kwamba mbwa aliyefunzwa kufuatilia mnyama aliyejeruhiwa aweze kufika mahali pa tukio ndani ya saa 2. Hakuna ukubwa wa risasi unaofidia shabaha mbaya.

Sheria inadai nini

Nchini Uswidi risasi za uwindaji zimegawanywa katika madaraja manne, na elki ni mnyama wa daraja la kwanza. Kichwa cha risasi lazima kiwe cha aina inayotanuka kinapoingia mwilini, na risasi itimize mojawapo ya masharti mawili ya msingi:

– kichwa chenye uzito wa gramu 9 au zaidi, na nishati isiyopungua jouli 2,700 katika umbali wa mita 100, au

– kichwa chenye uzito wa gramu 10 au zaidi, na nishati isiyopungua jouli 2,000 katika umbali huo huo.

Nishati hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito, katika kilo, kwa kipeo cha pili cha kasi, katika mita kwa sekunde. Tuchukue mfano. Kichwa cha gramu 10 kinachofika mita 100 kikiwa na kasi ya mita 700 kwa sekunde kina jouli 2,450. Kimetimiza sharti la pili. Kichwa cha gramu 9 chenye kasi hiyo hiyo kina jouli 2,205 tu, hakikutimiza lolote. Ili kikubaliwe, kingehitaji kasi ya mita 775 hivi. Gramu moja imebadilisha hukumu. Kwa hiyo jina la risasi peke yake halitoshi. Soma uzito na nishati ya mita 100 kwenye boksi, wala usikubali kuonyeshwa nishati ya mdomo wa mtutu, ambayo daima huwa kubwa zaidi.

Vipimo vinavyouzwa zaidi

6.5×55. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda. Risasi hii ilitumiwa na majeshi ya Uswidi na Norwei tangu mwaka 1894, na hadi leo ni kipenzi cha wawindaji. Teke lake begani ni la upole. Kichwa cha gramu 10.1 hutimiza sharti la pili, lakini vichwa vyepesi vya kipimo hiki havifai kwa elki.

.308 Winchester na .30-06. Hivi hupimwa kwa inchi. Cha kwanza kiliingia sokoni mwaka 1952. Cha pili kilitokana na jeshi la Marekani, na tarakimu 06 ni za mwaka 1906. Kichwa cha gramu 11.7 ni cha kawaida kwa vyote viwili. Risasi zake hupatikana karibu kila duka, na teke lake ni la wastani.

9.3×62. Kipimo hiki kilibuniwa na fundi Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa Kijerumani waliokuwa katika makoloni ya Afrika. Msomaji mwenye asili ya Tanzania asishangae, basi, kwamba risasi iliyotengenezwa kwa wanyama wa kwao leo inapendwa katika misitu ya misonobari. Kichwa chake mara nyingi huwa na gramu 18.5. Nguvu yake ni kubwa, na teke lake vilevile.

Vipimo vyote hivi, vikiwa na risasi inayostahili, humwangusha elki. Tofauti kati yake ni ndogo kuliko tofauti kati ya mwindaji aliyefanya mazoezi na yule asiyefanya.

Bega kwanza

Bunduki yenye teke kali humfundisha mtu kuogopa. Hufumba macho, huvuta kifyatulio kwa ghafla, na risasi huenda kando. Mbaya zaidi, huacha kufanya mazoezi. Tunashauri, kabla ya kununua, uende kwenye kiwanja cha shabaha cha chama cha wawindaji na ujaribu vipimo viwili au vitatu chini ya uangalizi wa mwenye leseni. Piga risasi kadhaa kwa kila bunduki ukiwa umesimama, si umekaa mezani tu. Chagua ile ambayo bado unaipiga vizuri katika risasi ya mwisho. Ikiwa ni 6.5×55, usione haya mbele ya jirani mwenye 9.3×62.

Angalia pia urefu wa kitako. Bunduki ikiinuliwa haraka, jicho lipate darubini bila kutafuta. Mtu mfupi, au anayetumia mkono wa kushoto, asilazimishwe kununua iliyopo dukani. Bunduki nyepesi mno hubebeka kwa raha lakini hupiga teke zaidi. Darubini nayo isiwe ya kukuza sana: elki hupita karibu, mara nyingi akikimbia, na darubini inayokuza mno humfanya mwindaji aone manyoya tu asijue ni bega au ni paja.

Madini ya risasi na nyama

Katika Kiswahili neno risasi ni jina la kombora na pia la madini, na hapa maana hizo mbili zinakutana. Kichwa chenye madini hayo huacha chembe ndogo katika nyama, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Mamlaka ya chakula ya Uswidi inashauri kuondoa nyama yote iliyoharibiwa pamoja na sentimita 10 za nyama inayoonekana nzima kuizunguka. Vipo pia vichwa vya shaba visivyo na madini hayo. Kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko risasi, kichwa cha shaba chenye umbo lile lile huwa na uzito mdogo. Anayechagua shaba katika kipimo kidogo kama 6.5 ahakikishe kwanza kwamba risasi hiyo ni ya daraja la kwanza.

Kununua bila kujuta

Fuata utaratibu huu, wala usiuruke.

1. Faulu mtihani wa mwindaji. Sehemu ya nadharia ina maswali 70, na sharti upate 60. Kwa bunduki ya daraja la kwanza, utapimwa pia shabaha kwa sanamu ya elki iliyosimama na inayokwenda.

2. Omba leseni polisi. Kila bunduki ina leseni yake, na huruhusiwi kuichukua kabla ya leseni kutolewa.

3. Ukilipa malipo ya awali, andikeni na muuzaji kwamba fedha zitarudishwa leseni ikikataliwa. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

4. Weka katika hesabu yako kabati la chuma lililoidhinishwa, darubini, vifaa vya kukinga masikio na risasi za mazoezi. Mwenye kutumia fedha zote kwenye bunduki hukosa za kujifunzia.

5. Ukinunua iliyotumika, mwombe fundi wa bunduki aikague: kutu ndani ya mtutu, ufa kwenye kitako, kifyatulio kilichochezewa. Rahisi huvunja upishi.

Kumbuka pia haki yako. Ukinunua kwa mfanyabiashara, unaweza kudai juu ya kasoro iliyokuwapo tangu mwanzo kwa muda wa miaka 3. Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi ni mdogo na muda ni miaka 2. Katika hali zote mbili, toa taarifa mara unapogundua kasoro, na utunze stakabadhi.

Sheria imeweka kiwango cha chini cha risasi. Haikuweka kiwango cha mwindaji akiwa msituni. Hicho hujiwekea mwenyewe anaposimama asubuhi yenye ukungu na elki akatokea mbali mno, au akiwa amegeuka vibaya. Bunduki inayomfaa mtu ni ile anayoijua kiasi cha kutambua, kwa hakika, ni lini asiipige.