Timu ya Kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut: Historia Iliyomgusa Mtanzania na Somo kwa Vijana wa Arusha

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA), Hasheem Thabeet, aliifikia ligi hiyo kwa kupitia darasani. Kabla ya kuvaa jezi ya timu ya kulipwa, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu na mchezaji wa timu ya wanaume ya chuo hicho.

Historia ya timu hiyo inawahusu vijana na wazazi wa Jiji la Arusha na maeneo yanayozunguka Mlima Meru. Wapo vijana wanaotamani kusoma nje ya nchi kwa ufadhili wa michezo, na wapo wazazi wanaoombwa fedha ili watoto wao wapate nafasi hizo. Makala haya yanaeleza jinsi timu hiyo ilivyojengwa, jinsi ilivyopata kuadhibiwa kwa sababu ya masomo, na mambo ambayo familia inapaswa kuyafahamu kabla ya kufanya uamuzi.

Kutoka shule ya kilimo hadi ubingwa wa taifa

Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Katika jimbo jirani la Connecticut, kwenye kijiji cha Storrs, kulikuwa na shule ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1881, yenye shabaha inayofanana na ile ya vyuo vya kilimo na mifugo tunavyovifahamu Tengeru. Shule hiyo ilianza kucheza kikapu mwaka 1901, na baadaye ikakua na kuwa chuo kikuu cha jimbo.

Mafanikio makubwa yalichelewa. Kocha Jim Calhoun alipoajiriwa mwaka 1986, msimu wake wa kwanza timu ilishinda michezo 9 na kupoteza 19. Uongozi wa chuo haukumfukuza. Mwaka 1988 timu ilitwaa kombe la mashindano ya NIT, mwaka 1990 ukafunguliwa ukumbi mpya wa michezo ndani ya chuo, na mwaka 1999 ikawa bingwa wa taifa wa vyuo vikuu kwa mara ya kwanza kwa kuifunga Duke pointi 77 kwa 74. Kati ya kuanza kucheza na ubingwa huo ilipita miaka 98. Hadi mwaka 2024 timu ilikuwa imetwaa ubingwa huo mara 6: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024.

Mtanzania katika kikosi

Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisoma Shule ya Sekondari Makongo kabla ya kumalizia masomo ya sekondari katika jiji la Houston, Marekani. Alijiunga na Connecticut mwaka 2006. Akiwa na urefu wa mita 2.21, alicheza nafasi ya kati, na kazi yake kuu ilikuwa kuulinda mlingoti kwa kuzuia mipira ya wapinzani kabla haijaingia kikapuni.

Aliteuliwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mara mbili mfululizo, mwaka 2008 na 2009. Msimu wa 2008/09 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa na kutolewa na Michigan State. Juni 25, 2009, timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba.

Njia hiyo ya chuo walikuwa wameipita Waafrika wengine. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alitokea Chuo Kikuu cha Houston na kuchaguliwa wa kwanza mwaka 1984. Dikembe Mutombo, kutoka nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown kwa ufadhili wa masomo akikusudia kuwa daktari. Kikapu kilimkuta huko, lakini masomo hakuyaacha: alihitimu mwaka 1991, ndipo akaingia NBA.

Adhabu iliyotokana na masomo

Sehemu ya historia hii isiyosimuliwa mara nyingi ndiyo yenye funzo zaidi. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, NCAA, huzipa timu alama kulingana na wachezaji wanaobaki chuoni na kufaulu masomo yao. Mchezaji akiondoka huku masomo yake yakiwa mabaya, timu nzima hupoteza alama.

Connecticut ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 2011, lakini alama zake za kitaaluma zilikuwa chini ya kiwango. Kutokana na hali hiyo, timu ilizuiwa kushiriki mashindano ya kuwania ubingwa mwaka 2013, bila kujali ilishinda michezo mingapi. Mwaka uliofuata ilirejea ikiwa chini ya kocha Kevin Ollie na kutwaa ubingwa kwa kuifunga Kentucky pointi 60 kwa 54.

Mambo ambayo familia inapaswa kuyafahamu

Kwanza, urefu na kipaji havitoshi. Ili kucheza katika daraja la kwanza la NCAA, mwanafunzi anatakiwa awe amesoma masomo ya msingi 16 ya sekondari na kupata wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Vyeti na matokeo ya mwanafunzi wa Tanzania hukaguliwa na kituo maalumu cha NCAA. Kijana anayekusudia njia hii aanze kuyajali masomo tangu kidato cha kwanza. Akisubiri hadi aonekane na kocha, huenda akawa amechelewa.

Pili, nafasi ni chache. Daraja hilo lina vyuo zaidi ya 350, lakini kwa miaka mingi kila timu ya wanaume iliruhusiwa kutoa ufadhili usiozidi 13 kwa wakati mmoja, na nafasi hizo hugombewa na vijana wa dunia nzima.

Tatu, anayetoa nafasi ni chuo. Fomu ya I-20, ambayo mwanafunzi huitumia kuomba viza ya masomo ya Marekani, hutolewa na shule au chuo kilichomkubali. Wakala hana mamlaka ya kuitoa. Mzazi asiuze shamba wala ng'ombe kwa ahadi ya mdomo. Adai barua ya chuo, kisha awasiliane na chuo chenyewe kuithibitisha.

Hatua za kuanzia ziko karibu

Hapa nchini, usimamizi wa michezo uko chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Kwa mwanafunzi wa sekondari, hatua ya kwanza ni mashindano ya UMISSETA, ambayo kikapu ni miongoni mwa michezo yake, naye mwalimu wa michezo shuleni ndiye wa kuanza kumuona.

Aidha, mkoa una vyuo vya kutosha kumwendeleza kijana anayetaka kusoma huku akicheza: Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro, Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha upande wa Usa River. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, eneo ambalo shule au chuo kinaweza kulitenga ndani ya mipaka yake.

Storrs ilikuwa kijiji chenye shule ya kilimo. Kilichoibadilisha ni uwanja, kocha aliyepewa muda, na kanuni iliyomrudisha mchezaji darasani hata timu ilipokuwa bingwa. Kijana wa Arusha atakayechaguliwa na chuo cha nje atakuwa amefanya vizuri. Atakayebaki nyumbani akahitimu huku akiichezea timu ya chuo chake naye atakuwa hajapoteza kitu.