TANGAWIZI YA PORINI: JE, NI DAWA?

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, kuna habari ya wanafunzi wa nabii Elisha wakati wa njaa. Mmoja wao alikwenda porini kutafuta mboga. Alikuta mmea unaotambaa, akachuma matunda yake na kuyatia katika chungu cha wote. Walipoanza kula, walitambua kwamba chakula kile kingewaua.

Mtu yule hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuwasaidia wenzake. Kosa lake lilikuwa moja tu: alichuma asichokijua.

Hata leo mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kufanya vivyo hivyo. Jirani anamwambia, “Chemsha mizizi ya tangawizi ya porini, mtoto atapona.” Mama anachemsha. Siku ya kwanza inapita, na ya pili, na ya tatu. Ndiyo sababu tunataka kukueleza habari za mimea hii.

MIMEA YENYEWE

Tangawizi tunayonunua sokoni Kadutu haikutoka katika misitu yetu. Asili yake ni Asia. Lakini Mungu ameweka ndugu zake hapa kwetu pia. Katika mabonde yenye maji na kandokando ya msitu utaona mmea wenye mashina marefu kama matete. Maua yake hutoka chini, karibu na udongo. Tunda lake ni jekundu. Ndani mna nyama nyeupe yenye uchachu na mbegu nyingi ndogo. Watoto hulipenda. Kila kabila lina jina lake kwa tunda hili. Waganda huliita tungulu. Wataalamu wa mimea wanauita ukoo huu Aframomum, nao ni wa jamaa moja na tangawizi.

NGUVU YAKE INATOKA WAPI?

Ukitafuna tangawizi, ulimi unawaka. Kitu kinachowasha ndicho chenye nguvu. Katika tangawizi mbichi kinaitwa jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kwa hiyo tangawizi kavu inawasha kuliko mbichi. Katika mbegu za baadhi ya mimea ya Aframomum mna ndugu yao anayeitwa paradoli.

Vitu hivi vinasaidia tumbo kusukuma chakula mbele, tena vinatuliza kichefuchefu. Waganga wameipima tangawizi ya sokoni kwa wanawake wenye mimba changa wanaotapika asubuhi, wakaona kwamba inawasaidia wengi. Basi wazee wetu hawakukosea waliposema tangawizi ni nzuri kwa tumbo.

Lakini ili mmea uwe dawa, ni lazima kujua mambo matatu.

1. UJUE MMEA WENYEWE

Jina si mmea. Kule Marekani kuna mmea ambao watu wanauita tangawizi ya porini kwa sababu mzizi wake unanukia kama tangawizi. Kumbe si ndugu wa tangawizi hata kidogo! Ndani yake mna sumu inayoitwa asidi ya aristolokia. Sumu hii inaharibu figo, tena inaleta kansa katika njia ya mkojo.

Sikia pia yaliyotokea Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Kati ya mwaka 1990 na 1992 wanawake walipewa vidonge vya majani ya Kichina ili wapunguze unene. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine kwa sababu majina yao ya Kichina yanafanana. Ule ulioingia kwa makosa ulikuwa na sumu hiyohiyo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na wengi hawakupona tena. Kama jambo hili liliweza kutokea katika mji wenye waganga wengi, je, si zaidi kwetu tunaonunua mizizi iliyokwisha kukatwa, bila kuona jani wala ua?

2. UJUE KIPIMO

Vilima vya Kivu vilipandwa mikwinini tangu wakati wa Wabelgiji, na hapa Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimetoa kwinini katika maganda yake. Kwinini imeokoa watu wengi sana. Lakini ikizidi kipimo inaziba masikio na kudhuru moyo. Dawa ni ileile. Kipimo ndicho kinachoponya au kuua.

Kwa mtu mzima mwenye kichefuchefu, kipande cha tangawizi ya sokoni kama ncha ya kidole gumba katika kikombe cha maji ya moto kinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Mizizi ya porini haina kipimo kinachojulikana. Usiinywe.

Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au anayengojea kupasuliwa, au mama aliye karibu kuzaa, asinywe tangawizi nyingi bila kumwuliza mganga wa hospitali, kwa maana inaweza kuzidisha kutoka damu. Na usimpige mtoto bomba la tangawizi au pilipili kwa njia ya haja kubwa. Matumbo yake ni laini, yanaungua.

3. UJUE UGONJWA WENYEWE

Tangawizi inatuliza kichefuchefu. Haiui vijidudu vya malaria katika damu. Mtoto mwenye malaria akinywa tangawizi anaweza kuacha kutapika kidogo, na mama akafurahi, kumbe vijidudu vinazidi kuongezeka. Mtoto mwenye homa apelekwe siku ileile apimwe damu.

Tena haiponyi kipindupindu, ugonjwa unaorudi mara kwa mara katika vijiji na miji ya kando ya ziwa letu. Anayeharisha anakufa kwa kuishiwa maji na chumvi. Mpe maji ya pakiti za hospitali. Kama huna, chukua litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, huku mkimpeleka hospitali.

USINGOJE

Mpeleke mtoto mara moja, hata usiku, ukiona moja la mambo haya: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, analala na haamki vizuri, macho yamezama.

Na ukija, utuambie dawa zote ulizompa nyumbani. Usiogope wala usione haya. Hatukuulizi ili kukugombeza, bali ili tusimpe dawa itakayopigana na ile aliyokwisha kunywa. Kama mzizi umebaki, uulete.

Mungu aliyeumba tangawizi ndiye aliyewapa watu akili ya kuipima. Anayetumia vyote viwili hamkosei Mungu.

MASWALI YA KUJIFUNZA NYUMBANI

1. Mtu yule wa wakati wa Elisha alikosa nini?
2. Mambo matatu ya kujua kabla ya kutumia mmea ni yapi?
3. Nyumbani mwako mna mizizi au unga wa dawa usioujua? Utafanya nini nao?