Bei ya Kifyatulio na Bei ya Kukikalisha

Ukienda kununua bunduki ya kuwindia iliyokwisha tumika huko Marekani, hasa Remington 700, mazungumzo ya dukani hayakawii kufika kwenye kifyatulio. Bunduki yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 1962 na haina ugomvi na mtu: mtutu mzuri, vipuri tele, mafundi wanaijua. Ugomvi uko chini ya bolti. Zile za zamani zina kifyatulio alichobuni Mike Walker, chenye kipande kidogo cha chuma kilichoachwa huru kati ya kifyatulio na kile kidole kinachoizuia pini ya kupigia isiruke. Uchafu au mafuta yaliyoganda yakiingia hapo, kipande hicho kinaweza kukosa kurudi mahali pake. Kesi za watu waliodai kwamba bunduki zao zilifyatuka bila kuguswa ziliiandama kampuni kwa miaka mingi, nayo ikawa inakana kwamba kuna kasoro. Kifyatulio kilichofuata, X-Mark Pro cha 2006, nacho kiliitwa kirudishwe Aprili 2014, safari hii kwa sababu ya gundi ya kiwandani iliyozidi kipimo.

Ukiwa na ile ya Walker, basi, ushauri wangu ni kubadilisha. Kazi iliyobaki ni kuchagua, na hapa wanunuzi wengi hutazama bei iliyo kwenye boksi tu.

Timney ya Phoenix, Arizona, na TriggerTech ya Ontario, Kanada, ndizo zinazoshindania mfuko wa mwindaji wa kawaida. Vifyatulio vyao vya msingi vya Remington 700 vimekuwa vikiuzwa kwa dola 150 hivi, kupanda kidogo au kushuka kutegemea duka na msimu. Uzito wa mvuto wa vyote viwili hurekebishika kuanzia ratili moja na nusu hadi nne. TriggerTech hutumia gurudumu dogo linalobingirika pale ambapo wengine husuguanisha chuma kwa chuma, hivyo mvuto wake huhisika kama kioo kinachokatika. Wapo wanaoupenda sana. Mvuto wa Timney una ukavu wa kawaida ambao mwindaji mzee ataukubali bila kujifunza upya. Juu yao kuna Diamond ya TriggerTech, ya dola 300 hivi, inayoshuka chini ya ratili moja. Hiyo ni ya kupiga shabaha mezani. Mtu aliyevaa glavu nene, akimngoja kulungu kwenye baridi ya Novemba, hana haja nayo, tena isije ikamfyatukia kabla hajawa tayari. Ratili tatu zinamtosha.

Kabla hujalipa, uliza jambo moja: kina wenzo wa kufungulia bolti au hakina? Remington ya kiwandani huufungua mzuio wa bolti kwa kitufe kilicho mbele ya kifyatulio. Bunduki nyingi za makampuni mengine zilizoiga umbo la 700 zina mzuio wao pembeni, kwa hiyo hazihitaji wenzo huo. Ukinunua kisicho na wenzo ukakitia kwenye Remington yako, bolti haitatoka tena kwa njia ya kawaida. Boksi zinafanana, tofauti ni herufi chache tu kwenye namba ya bidhaa.

Kufunga kwenyewe kunaonekana rahisi. Bunduki haina risasi, bolti imetolewa, skrubu za kitako zimefunguliwa, kisha kuna pini mbili za kusukuma kwa kijiti chembamba cha shaba. Moja ya pini hizo ndiyo pia inayoushika mzuio wa bolti na springi yake nyembamba kama waya. Ukiichomoa yote kwa pupa, springi inaruka, na jioni yako unaimalizia chini ya meza na tochi. Isukume kiasi cha kukiachia kifyatulio tu, au fuata nyuma yake na pini ya muda.

Gharama iliyofichika iko kwenye kitako. Kifyatulio kikiwa nje ya kitako hufanya kazi vizuri kabisa: mvuto safi, na usalama, ile swichi ya kuzuia bunduki isifyatuke, unakwenda mbele na nyuma. Kaza skrubu, mambo yanageuka. Usalama unakuwa mzito, au kifyatulio hakirudi chote, kwa sababu nyumba yake ni pana kuliko ile ya awali na inaegemea mbao. Njia ya zamani ya kupata mahali panapogusa ni kukipaka chuma masizi ya kibatari, au rangi ya mdomo kwa asiye na kibatari, kukikalisha, kisha kukitoa na kutazama doa lilipobaki. Hapo hukwanguliwa kidogo sana, na hujaribiwa tena. Kwenye kitako cha plastiki ni kazi ya dakika. Kwenye kitako cha mbao ya bei mbaya, mpe fundi bunduki, na zile dola 50 hadi 100 ulizoongeza hapo zihesabu kuwa ni sehemu ya bei ya kifyatulio. Angalia pia kama ulimi wa kifyatulio haugusi pete ya chuma inayouzunguka.

Majaribio yote yafanywe skrubu zikiwa zimekazwa na bunduki ikiwa tupu. Funga bolti kwa nguvu mara kadhaa. Weka usalama, vuta kifyatulio, kiachie, kisha ondoa usalama. Gongesha kitako sakafuni penye mpira. Pini ya kupigia ikianguka katika lolote kati ya hayo, bunduki haitoki nyumbani.

Mwenye Savage yenye AccuTrigger, au Ruger American, aache pesa yake mfukoni. Vya kiwandani vinarekebishika kwa kiasi kinachomfaa mwindaji. Mauser 98 ya jeshi ni habari nyingine. Kifyatulio kipya chenye usalama wa pembeni kinadai tundu jipya kwenye mbao, na ukiubakiza ule usalama wa asili ulio nyuma ya bolti, mara nyingi unakataa kugeuka mpaka fundi asugue chuma kwa jiwe, kidogo kidogo. Bei ya kazi inaweza kuipita bei ya kipuri.

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani kifyatulio cha namna hii si silaha, kwa hiyo kinaletwa mlangoni kama kitabu. Jambo hilo lisikudanganye ukamtilia shemeji yako wa Arusha kimoja kwenye sanduku la nguo. Kukitoa nje ya Marekani kuna sheria zake, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mwenye bunduki yenye kibali aanzie kwa polisi wanaosimamia leseni. Kile cha Walker ulichokitoa usikiuze mtandaoni kwa dola 20. Atakayekinunua anakwenda kukirudisha kwenye bunduki nyingine.